Kwa nini nimeanguka kwenye kipilefti kwa spidi ileile ninayopita nayo kila siku?

KonaKali_Moro
Jumanne, saa 3 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naandika kwa mkono mmoja, wa kulia umefungwa bendeji, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni bodaboda hapa Morogoro mjini, huu mwaka wa sita. Kabla ya hapo nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) hadi kidato cha sita, matokeo yakaja yalivyokuja, nikaingia barabarani. Sijisifu, nataka tu mjue swali langu linatoka wapi. Fizikia ninayo kichwani, ila imeota kutu.

Jumamosi saa 1 asubuhi nilikuwa nimebeba trei mbili za mayai ya mama mmoja mwenye mgahawa. Manyunyu yalikuwa yamekatika kama nusu saa hivi, lami bado inang'aa. Nikaingia kwenye kipilefti ninachokipita labda mara ishirini kwa siku. Spidi 30, kama kawaida yangu. Nimelala kona vizuri, pikipiki imetulia tuli, robo ya mzunguko imeisha bila wasiwasi. Mara bajaji ikachomoka kushoto bila kusubiri. Nikakamata breki ya mbele. Bajaji yenyewe ilikuwa mbali bado, sikuigusa wala isingenigusa. Lakini sikuwahi hata kusema "we!", tairi la mbele likaponyoka chini yangu kama sabuni bafuni, nikajikuta nimelalia ubavu wa kulia, pikipiki inaserereka mbele yangu na trei ziko juu ya bega langu.

Sasa swali. Sekunde moja kabla ya breki, spidi ilikuwa 30, kona ileile, maji yaleyale kwenye lami, na tairi lilishika. Nilipofunga breki, spidi ilipungua. Shuleni tuliambiwa kitu kinachozunguka kina mchapuko, yaani badiliko la mwendo kwa kila sekunde, wa v²/r (v ni spidi, r ni umbali hadi kitovuni), na unaelekea kitovuni. Spidi ikishuka, v² inashuka, kwa hiyo tairi lilipaswa kupata nafuu. Kwa hesabu hiyo kufunga breki kwenye kona ni usalama kuliko kuacha. Kijiweni kila mtu anajua si kweli, ila ukiuliza sababu unajibiwa "kona haipigwi breki, basi". Basi kwa nini?

Jana nilirudi pale kupima kwa hatua. Kutoka katikati ya bustani ya kipilefti hadi mstari ninaopita ni kama mita 15.

Na kuna kitu kingine kimenisumbua. Mkwaruzo wa chuma cha kukanyagia bado uko kwenye lami. Nilitegemea uende nje, yaani uikimbie bustani moja kwa moja, kwa sababu si tunatupwa nje? Haukwenda hivyo. Umenyooka kwenda mbele kama umepigwa rula, hadi ukingoni.

Nawasilisha.

---

Mzee_wa_Kahawa

Pole sana mkuu. Mayai mangapi yalipona?

---

KonaKali_Moro

Kumi na saba kati ya sitini.

---

Simba_wa_Lami

Hakuna cha hesabu hapo. Ukizunguka kuna kani ya kukutupa nje. Ukifunga breki ile kani inazidi, unatupwa. Mbona rahisi tu. Pole lakini.

---

Mwl_Mstaafu
Jumanne, saa 5 usiku

Pole kijana wangu, mkono upone haraka. Nimefundisha fizikia miaka 31 na sasa nafuga kuku, kwa hiyo habari ya mayai imeniuma kuliko unavyodhani.

Wewe hukusahau. Umekumbuka nusu ya somo, na lawama ni yetu walimu. Nusu hiyo tunaisomesha wiki nzima, halafu ile ya pili tunaikimbiza dakika kumi kabla ya kengele. "Mchapuko unaelekea kitovuni" ni kweli kwa kitu kinachozunguka kwa kasi isiyobadilika. Mwanafunzi anabeba sentensi, neno "isiyobadilika" analiacha darasani.

Kasi inapobadilika, pikipiki inakuwa na michapuko miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni huo wako wa v²/r. Kazi yake ni kupinda njia tu. Hauongezi spidi wala kuipunguza. Wa pili unalala kwenye njia yenyewe, kwenda mbele ukivuta mafuta, kurudi nyuma ukifunga breki. Huo kazi yake ni spidi tu, kupinda haujui. Miwili hiyo inakutana kwa pembemraba. Ukiiunganisha unapata mshale mmoja wa mshazari, na mshale huo haulengi kitovu. Kwako wewe, Jumamosi, ulilenga kulia na nyuma, kama mtu anayegeuka kumtazama abiria wake juu ya bega la kulia.

Sasa uliza nani anaulipia mshale huo. Pikipiki haikufungwa kamba kwenye bustani. Inaigusa dunia kwa vipande viwili vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtoto. Msuguano wa hapo ndio unaopinda njia, na msuguano huohuo ndio unaopunguza spidi. Mfuko ni mmoja, wadai ni wawili.

Tuweke tarakimu zako. Spidi 30 ni mita 8.3 kwa sekunde. Mraba wake ni kama 69, gawa kwa 15, unapata mchapuko wa 4.6 kuelekea bustanini. Hilo ndilo deni la kona. Mfuko una kiasi gani? Lami kavu na tairi zima, tuseme msuguano ni 0.8 ya uzito; zidisha kwa 9.8, mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 7.8. Lami iliyolowa tuseme 0.5, mfuko unabaki 4.9. Hizo 0.8 na 0.5 ni makadirio yangu, kila lami na kila tairi lina yake, lakini zinatosha kuona jambo lenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi ulikuwa unazunguka kwa 4.6 na mfuko una 4.9. Ulikuwa ukingoni kabisa na hukuhisi chochote, kwa sababu tairi likishika limeshika, halikupigii hodi kwanza.

Hapa wengi wangetoa: 4.9 kutoa 4.6 imebaki 0.3 ya breki. Sivyo, na hapa ndipo penye utamu. Madeni mawili yamekaa kwa pembemraba, hayajumlishwi kama shilingi. Ni Pythagoras: mraba wa 4.9 ni 24, toa mraba wa 4.63 (ile 4.6 kabla ya kukadiria) ambao ni 21.4, imebaki 2.6, kipeuo chake cha pili ni 1.6. Ulikuwa na 1.6 ya breki. Hiyo ni kupunguza chini kidogo ya spidi 6 kwa kila sekunde, breki ya mtu anayesimama kwa abiria, tena kwa adabu.

Wewe ulishtuka. Aliyeshtuka anataka kusimama ndani ya sekunde moja na nusu: 8.3 gawa kwa 1.5 ni 5.5. Unganisha 4.6 ya kona na 5.5 ya breki kwa Pythagoras, unapata 7.2. Sasa linganisha na ile mifuko miwili. Lami kavu, 7.8, ungepona na kuendelea kumtukana mwenye bajaji. Lami iliyolowa, 4.9, mayai chini.

Hoja yako ya nafuu ni sahihi, ila nafuu inachelewa. Deni la breki linakuja lote mara tu unapokamata. Nafuu ya kona inakuja polepole, kadiri spidi inavyoshuka. Katika sehemu ya kumi ya sekunde, hata breki ya 5.5 inakutoa 8.3 na kukufikisha 7.8 hivi. Deni la kona limeshuka kutoka 4.6 hadi 4 tu, na mwenzake ameshasimama mlangoni na 5.5 yake.

Sasa geuza. Ungeanza na breki ndogo, kidole kimoja, ukashuka hadi spidi 20, deni la kona ni 2.1 tu. Mfuko uleule wa 4.9 ungekuachia 4.4 ya breki, karibu mara tatu ya mwanzo. Breki ya kwenye kona inapigwa, wakubwa wa kijiweni waniwie radhi, lakini inaanza ndogo na kukua kadiri spidi inavyokufa.

Kwa ndugu yangu Simba_wa_Lami: mwulize mkwaruzo. Kama kungekuwa na kani ya kumtupa nje, pikipiki iliyoponyoka ingeondoka kwa kuipa bustani mgongo. Haikufanya hivyo. Tairi lilipoacha kushika, kilichobaki ni chuma kinachokwaruza, na kukwaruza kunavuta kinyume na unakoelekea tu, hakupindi. Basi pikipiki ikaenda mbele kwenye mstari unaoligusa duara pale alipoponyokea, ikipungua kasi hadi ukingoni. Ule mkwaruzo ni mchoro wa kitabuni, umechorwa kwa futresti.

Usijisikie vibaya, lakini. Huygens wa Uholanzi mwaka 1673 alichapisha hesabu hizi akiiita kani ya kukimbia kitovu. Newton ndiye aliyeligeuza jina, akaiita ya kutafuta kitovu, na mwaka 1687 ikachapishwa. Aliyeketi ndani ya gari anahisi kutupwa. Aliyesimama kando anaona mtu anayetaka kwenda moja kwa moja na kiti kinamkatalia.

---

Fundi_Tairi_Kihonda

Mwalimu umenifurahisha, ila pikipiki ina mifuko miwili, wa mbele na wa nyuma, na hapo ndipo kijana alipopatikana. Ukifunga breki uzito unahamia mbele. Kwa hiyo tairi la mbele linapata nguvu ya kushika zaidi na la nyuma linapungukiwa. Hapo ungesema breki ya mbele ndiyo salama, na kweli kwenye mstari ulionyooka ndiyo inayokusimamisha.

Shida ni jinsi ya kukamata. Ukiminya taratibu, shokapu inashuka, uzito unafika, tairi linajibonyeza chini, halafu ndipo breki inakuwa kubwa. Ukikamata ghafla breki inafika kabla ya uzito. Tairi la mbele linadaiwa kitu ambacho bado hakijaletwa. Na likiteleza la nyuma unaweza ukajiokoa, mkia unacheza kidogo unaachia breki unarudi. Likiteleza la mbele huna muda.

Halafu mdogo wangu, tuambie ukweli. Tairi la mbele lilikuwa na meno?

---

KonaKali_Moro

Fundi nisamehe. Meno ya katikati yalikuwepo. Ya pembeni, upande wa kulia, yalikuwa yamekwisha. Kipilefti huku kwetu tunazunguka kwa kulia siku nzima.

---

Fundi_Tairi_Kihonda

Ahaa. Basi Mwalimu asikupe hata hiyo 0.5.

---

Mama_Mpunga
Jumatano, mchana

Naomba nichomekee na mimi, msinicheke. Sikusoma PCM. Nimekulia Dakawa, mashamba ya mpunga, na tangu nina miaka saba kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka shambani ni kama wingu limekaa, ukichelewa saa moja huna mpunga. Silaha ilikuwa kombeo, kamba mbili na kipande cha gunia katikati, unaweka bonge la udongo mkavu.

Nimesoma maelezo ya Mwalimu mara mbili na nimeshikwa na jambo moja. Pikipiki ina breki na ina mafuta, kwa hiyo naelewa inapata wapi kile cha mbele na kile cha nyuma. Kombeo lina kamba tu. Kamba haisukumi, inavuta, tena inavuta kuja mkononi kwangu, ambako ndiko katikati. Mwalimu anasema kinachovuta kuja katikati kinapinda tu, hakiongezi spidi. Sasa lile bonge la udongo linaanza limelala kwenye gunia, na raundi ya tatu linavuma hadi jirani analisikia. Spidi imetoka wapi?

Na kaka yangu alinifundisha kitu ambacho sijawahi kujua sababu yake. Alisema mkono ukitulia palepale kombeo linakufa. Kiwiko kitulie, lakini kifundo kizunguke, na kila wakati kitangulie jiwe.

---

Mwl_Mstaafu

Mama, nimekuwa na vijana wa kidato cha sita zaidi ya elfu mbili, na sidhani kama kuna hata watatu waliowahi kuniuliza hilo. Kaka yako amelijibu pia, ila hakutumia chaki.

Kama mkono umekaa katikati kabisa na haujongei, kamba inavuta kuelekea katikati kabisa, na hapo huwezi kuliongezea jiwe spidi hata ungekuwa na misuli ya ng'ombe. Litazunguka kwa kasi uliyoianzishia, hewa itaipunguza kidogo kidogo, litachoka. Ndiyo maana alisema kombeo linakufa.

Lakini kifundo chako hakikai katikati. Kinazunguka kwenye duara dogo, labda upana wa bakuli, na kinatangulia. Jiwe liko nyuma kidogo ya mkono. Kwa hiyo kamba, ambayo siku zote inavuta kuelekea mkononi, sasa haivuti kuelekea katikati ya duara la jiwe. Inavuta ndani na mbele kidogo. Sehemu ya ndani inapinda njia, na hiyo sehemu ndogo ya mbele ndiyo inayomlisha jiwe spidi, raundi baada ya raundi. Ni mshale uleule wa mshazari wa pikipiki ya kijana, ila wake ulilala nyuma na wako umelala mbele.

Mkono ukichelewa, ukawa nyuma ya jiwe, umeshapiga breki. Nina hakika ulikuwa unalihisi hilo mkononi kabla hujajua kusoma.

Na siku nikileta ndoo darasani ilikuwa habari nyingine. Mnaikumbuka: unazungusha ndoo ya maji wima, juu ya kichwa, maji hayamwagiki. Pale huhitaji mtu wa kubadilisha spidi, uzito wenyewe unaibadilisha. Ndoo ikipanda inachoka, ikishuka inakimbia, na mchapuko unaelekea kitovuni sawasawa mahali pawili tu, juu kabisa na chini kabisa. Kwa mkono na mpini wenye jumla ya sentimita 80, juu kabisa unahitaji mita 2.8 kwa sekunde ili maji yasikudondokee. Ukiiacha ndoo ijiendee yenyewe kwa kiasi hichohicho, ikifika chini inakuwa mita 6.3 kwa sekunde, na pale chini inakuvuta kwa mara sita ya uzito wake. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi mpini hukatikia chini, hausubiri juu. Mwaka mmoja ulikatika. Chini, kama nilivyosema, na ubao ukaoga.

---

Mama_Mpunga

Mwalimu asante. Nimempigia kaka simu nikamsomea. Amesema, "Kwani ulidhani nilikuwa nabahatisha?"

---

Simba_wa_Lami

Mimi bado nasema unatupwa nje. Panda daladala ukae dirishani uone bega litagonga wapi.

---

KonaKali_Moro
Ijumaa, saa 2 usiku

Wakuu, shikamoo Mwalimu. Nimerudi na matokeo.

Simba_wa_Lami kanipa wazo. Kwa kuwa siwezi kuendesha hadi mkono upone, leo nimepanda daladala, Hiace, nimekaa mbele kushoto kwa dereva. Kwenye kioo cha kati dereva amening'iniza tasbihi, ndefu kiasi, ina kishada cha uzi mwekundu chini. Nimemlipa nauli ya kwenda na kurudi mara nne, akadhani nimegongwa na kitu kichwani.

Kwanza barabara iliyonyooka, tasbihi imelala wima. Tukaingia kipilefti, dereva katulia, spidi kama 18 hivi. Tasbihi ikasogea kwangu, kushoto, ikabaki pale bila kuyumba. Si sana: nikakadiria kwa vidole, kama nyuzi 10. Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu. Spidi 18 ni mita 5 kwa sekunde, 25 gawa kwa 15 ni 1.67, na 1.67 kwa 9.8, ukitumia tanjenti, inatoa nyuzi 9.7. Jamani nilipiga kelele hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Lakini hiyo haikuwa kazi yenyewe. Mzunguko wa pili kuna mwenda kwa miguu alikuwa anavuka kwenye njia ya kutokea, dereva akafunga breki bado tuko kwenye kona. Nikaona kishada kikitoka kwangu, kikaenda kwenye kioo cha mbele, lakini hakikwenda moja kwa moja. Kilisimama katikati, mshazari, kinaelekeza kwenye pembe ya kushoto ya kioo pale stika ya bima ilipo. Kushoto na mbele kwa pamoja. Mwalimu alisema mshale wangu ulikuwa kulia na nyuma. Tasbihi inabaki nyuma ya mshale, kwa hiyo ukiugeuza ndiyo huohuo kabisa.

Yule mtu alipopita, dereva akavuta mafuta bado tunazunguka, kishada kikatoka kwenye ile pembe kikarudi kwetu, kikawa kinaelekeza begani kwangu. Kushoto na nyuma. Ndani ya kipilefti kimoja nimeona mshale ukizunguka kutoka pembe moja hadi nyingine, na kitovu hakijahama.

Simba, bega langu liligonga mlango, hilo nakubali. Lakini breki ilipokuja halikugonga mlango peke yake, goti nalo liligonga dashibodi. Kama ni kani ya kutupa nje tu, goti lilifuata nini kule mbele?

---

Simba_wa_Lami

Goti lako lina mambo yake.

Haya, nimekuelewa. Kesho nitaangalia rozari ya kwenye gari langu.

---

Fundi_Tairi_Kihonda

Tairi umebadilisha?

---

KonaKali_Moro

Nimebadilisha la mbele jana. La nyuma mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo nina deni la trei moja na mayai kumi na tatu, mama wa mgahawa hataki Pythagoras, anataka yajumlishwe kama shilingi.